Ua na Waya: Kutafuta Mapambo katika Bustani ya Muji

Mwaka uliopita, katika mwezi wa kumi, nilialikwa kuangalia kazi za wanafunzi wa ushonaji katika masomo moja ya muji wetu wa Lubumbashi. Meza zilijaa vitambaa, mito na mavazi. Kazi ya mukono ilikuwa nzuri: mishono imenyooka, pindo safi, uzi haukukatika. Lakini nilipozunguka meza mara ya pili, nikaona kitu kimoja. Karibu kila kitambaa kilikuwa na ua lilelile la roza, likiwa na majani matatu upande huu na matatu upande ule. Nikauliza binti mumoja: «Hii maua uliionaka wapi?» Akanijibu bila kuwaza sana: «Mu telefone, mwalimu. Bote beko nayo.»

Inje ya dirisha, jacaranda ilikuwa inamwaga maua yake barabarani. Hakuna kitambaa hata kimoja kilichoyaokota.

Sitaki wasomaji wafikiri kwamba ninakataa roza kwa sababu ni ua la kigeni. Jacaranda nayo ilitoka Amerika ya Kusini, na leo mutoto wa Lubumbashi akiona barabara imekuwa zambarau anajua kwamba mvua iko karibu. Kitu kikikaa kwetu muda murefu, tukakiangalia na kukikanyaga kila mwaka, kinakuwa chetu. Kosa la zile meza lilikuwa lingine: mukono ulifanya kazi, jicho lililala.

Katika muji huuhuu kuko historia ambayo inatufundisha juu ya jicho. Mwaka wa 1946, Mufaransa mumoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa Elisabethville, ginsi muji ulivyoitwa wakati ule, nyumba ya kuchorea ambayo watu wameizoea kwa jina la Hangar. Hakuwapa wachoraji picha za Ulaya ili waziige. Aliwaambia waangalie yale yaliyowazunguka: miti, ndege, samaki, nyoka, majani. Kutoka pale tulipata Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga.

Tuangalie vizuri walichofanya, juu watu wengi wanasifu majina tu. Pilipili akichora ndege, hatuonyeshi ndege peke yake. Nyuma yake anajaza nukta na majani madogomadogo mpaka picha yote inatetemeka sawa kichaka chenye upepo. Bela alichora kwa vidole vyake, na alama ya kidole ikawa jani, ikawa manyoya, ikawa maji. Mwenze alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, mustari juu ya mustari, na ukiiona unafikiri kitambaa kilichofumwa. Watu hawa watatu walikuwa chini ya paa moja, walikuwa na inchi moja mbele ya macho, lakini kila mumoja alitoka na namna yake. Hii ndiyo alama ya mutu aliyeangalia mwenyewe. Wanaoiga kwenye telefone, hata wakiwa mia, wanatoka na roza moja.

Kwa sababu hiyo niliamua, katika somo langu la estetiki, kupeleka wanafunzi kwenye bustani ya wanyama ya muji. Wakubwa wanakumbuka ginsi bustani ile iliharibika katika miaka ya 1990, na ginsi ilipata uzima tena katika miaka ya 2000. Wazazi wanaenda pale siku ya Mungu kwa kupumuzika. Sisi tulienda na kaye na penseli.

Siku ya kwanza haikuzaa kitu. Wanafunzi walichora «muti», yaani fimbo moja na wingu juu yake, ginsi walivyofundishwa wakiwa wadogo. Walichora neno, hawakuchora kitu. Siku ya pili nikakataza kuchora. Nikasema: fungeni macho, gusa ganda la muti. Kuko lililopasuka sawa udongo wa kiangazi, kuko laini sawa ngozi ya mutu, kuko linalotoka vipandevipande. Harufu ya jani bichi ukilivunja haiko sawa na harufu ya lile lililolala chini. Kisha tukaweka karatasi juu ya ganda na kusugua penseli polepole. Mistari ikatoka yenyewe, na darasa likanyamaza. Katika miaka mingi ya kufundisha, sijapata kimya sawa kile.

Siku ya tatu nikaomba kila mumoja alete pambo moja la kikwembe. Na hapa ninapaswa kusema kosa langu. Msichana mumoja alileta pambo la waya. Alikuwa amesimama mbele ya uzio wa zamani, pahali mumea unaotambaa umeingia katika matundu ya waya, ukaizunguka, ukaivimbia, mpaka waya imezama ndani ya shina. Alichora yale matundu kwa mpango, na katika kila tundu jani moja likipita kwa njia yake. Nikampa alama ndogo. Nikamwambia: «Nilisema mulete vitu vya bustani. Waya si ya bustani.» Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini: «Mwalimu, minajaribu kutosha waya. Lakini nikiitosha, maua inaanguka.»

Nililala na ile neno siku nyingi. Alikuwa na haki. Mimi niliwatuma waangalie, halafu nikawaambia ni nini wanapaswa kuona.

Na hili ndilo lawama ninaloona pia katika Hangar, pamoja na heshima yote. Bwana Desfossés alifungua macho ya wachoraji wake, lakini aliyafungua kwa upande mumoja zaidi. Elisabethville ya wakati ule ilikuwa muji wa shaba, wenye bomba la moshi la Union Minière, treni na makambi ya wafanyakazi. Katika picha za Hangar tunazozijua, mambo haya karibu hayaonekani. Tunaona pori, uwindaji, samaki na ndege. Ilikuwa Afrika safi ambayo Muzungu alipenda kuilinda. Alipokufa mwaka wa 1954, Pilipili na Mwenze waliendelea na kazi katika Akademia ambayo Laurent Moonens alikuwa ameanzisha mwaka wa 1951. Lakini moshi na historia vilingoja wachoraji wengine, sawa Tshibumba Kanda Matulu, ambaye katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya inchi pamoja na mashaka yake yote.

Wazee wetu hawakuogopa kuchanganya. Inasimuliwa juu ya mufalme mumoja wa Wakuba kwamba, katika miaka ya 1920, wamisionari walimuonyesha pikipiki. Chombo chenyewe hakikumushangaza sana. Alichokipenda ni alama ambazo magurudumu yaliacha katika muchanga. Akaamuru pambo lile linakiliwe na kupewa jina lake. Huyu ndiye mutu mwenye jicho! Hakuuliza kama alama ni ya pori ao ya kiwanda. Aliuliza tu kama ina mpango.

Basi, kwa walimu wenzangu na kwa wazazi wenye watoto wanaoshona, ninatoa shauri fupi. Bustani ya muji haiko pahali pa kwenda kuokota maua mazuri. Ni pahali pa kuzoeza jicho, mukono na pua, ili ukirudi nyumbani uweze kuona pambo hata katika ukuta uliopasuka ao katika mulima wa takataka za shaba. Mupeleke mutoto, mumuache akae mbele ya muti mumoja tu, saa nzima. Akirudi na kitu ambacho haukutazamia, usikimbilie kumusahihisha.

Ile alama niliibadilisha. Msichana alishona kikwembe chake, rangi ya majani juu ya rangi ya kutu, na mama yake alikivaa kwenye ndoa moja ya jamaa. Wanawake walimuuliza alikinunua duka gani.