Nishati ya Kiini cha Atomi: Uchunguzi wa Istilahi

Miongoni mwa istilahi za fizikia zinazohitaji kutazamwa upya ni ile ya nishati inayohusiana na kushikamana kwa kiini cha atomi. Kwa mwalimu wa mjini Babati jambo hili si la mbali. Huko Minjingu, katika Wilaya ya Babati, huchimbwa mwamba wa fosfeti uliogunduliwa mwaka 1956, ambao hutumiwa kwa mbolea na ambao una urani kidogo. Mwanafunzi akiuliza habari za urani hiyo, yafaa ajibiwe kwa Kiswahili kisichompotosha.

Tafsiri iliyo rahisi kumjia mtu ni "nguvu inayoshikilia kiini". Tafsiri hii ina kasoro mbili. Kwanza, neno nguvu limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Katika jina la Tume ya Nguvu za Atomiki halina madhara. Katika somo la fizikia huchanganya. Kinachozivuta protoni na nyutroni zishikamane ni kani. Kinachotoka zinaposhikamana ni nishati.

Pili, na hii ndiyo kasoro kubwa zaidi, neno "inayoshikilia" humfanya msomaji adhani kuwa nishati hiyo ni akiba iliyofungiwa ndani ya kiini. Ukweli ni kinyume. Protoni mbili na nyutroni mbili zinapoungana kuwa kiini cha heliamu, tungamo lao hupungua kwa takriban asilimia 0.75, kwa kuwa nishati imekwisha kutoka. Atakaye kuzitenganisha hana budi kuirudisha yote. Hilo ni deni, wala si akiba. Lau ingekuwa akiba, chuma, ambacho kiini chake ni miongoni mwa vilivyoshikamana kwa uthabiti zaidi, kingetufaa kuendeshea mitambo ya nyuklia. Kumbe ni urani, yenye kiini kilicholegea kuliko hicho, itoayo nishati inapopasuliwa.

Huenda ikasemwa kwamba Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani hutumia neno lenye maana ya kufunga au kuunganisha. Ni kweli, lakini hatulazimiki kurithi utata wa lugha nyingine. Twapendekeza "nishati ya kutenganisha kiini". Ni ndefu kidogo, ila hueleza kinachopimwa. Walimu na wafasiri waijaribu, kisha watuletee maoni yao.