Subira ya Karani katika Maandishi ya Shaaban Robert

Hapana sifa ihubiriwayo kazini kama subira. Mfanyakazi ahamishwapo huambiwa asubiri. Anyimwapo cheo huambiwa asubiri zaidi. Wenye kutoa nasaha hiyo hupenda kumtaja Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909. Aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, akamalizia utumishi wake katika ofisi ya upimaji, Tanga, mwaka 1960. Kwa miaka 34 aliitumikia serikali ya kikoloni, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mshahara wa mtu ulipimwa kwa rangi yake kabla ya kupimwa kwa kazi yake.

Walakini kumfanya mtu huyu kielelezo cha unyamavu ni kumsoma nusu. Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949, chaeleza kazi, uhamisho na msiba wa kufiwa na mke. Tena chabeba tenzi mbili za kuwausia watoto wake. Msomaji makini ataona kuwa nguvu ya karani huyu ilichotwa nyumbani na katika kalamu yake. Ofisi ilimiliki saa zake. Thamani yake haikuimiliki. Wala aliyeandika hakunyamaza, maana subira iliyotiwa wino hugeuka ushahidi.

Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa mwaka 1968, miaka 6 baada ya kufa kwa mwandishi, yalipeleka shauri mbele zaidi. Utubora aacha kazi ya mshahara Unguja, aenda kulima Busutamu. Kama kuvumilia ofisini ndiko upeo wa hekima, kijana huyu angalistahili lawama. Lakini mwandishi ampa heshima. Kumbe ziko nyakati ambapo kuondoka nako ni ustahimilivu: mtu hukiacha kiti apate kuihifadhi nafsi.

Hata hivyo, hapa pana upungufu usiofaa kufichwa kwa ajili ya mapenzi. Utubora apata shamba. Mwenzake aliyebaki dawatini apata nini? Riwaya yaiponya nafsi moja na kuiacha ofisi kama ilivyokuwa. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na ujira wao ukaongezwa. Hao hawakuvumilia kimya, wala hawakukimbilia jembe. Walistahimili kwa pamoja. Njia hiyo ya tatu haimo katika safari ya Utubora.

Upungufu huo haukishushi kitabu. Wamwachia msomaji kazi ya kuifanya. Subira ya mfanyakazi ni mali yake mwenyewe. Yeyote amhubiriaye kuitumia na aulizwe kwanza: ni nani atakayekula faida yake?