Mistari ya Mwenze si mapambo

Bandugu, leo tubishane kidogo. Wengi kwetu wakiona picha ya Mwenze Kibwanga wanasema ni mapambo tu, kitu cha kutundika kwenye ukuta wa saloni. Mi nakataa.

Mwenze alifanya kazi kwenye Hangar, atelie ambayo Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa Élisabethville mwaka 1946. Alijaza picha zake na vistari vifupi vya rangi ya udongo: mwindaji, nyama ya pori, hadi nyuma yao. Ungesema ni picha ya kuchonga kwenye mbao, kumbe ni burashi.

Tuangalie basi mtu aliyechonga mbao kweli, Käthe Kollwitz, Mjerumani. Kwenye Die Freiwilligen (1921-1922), vijana wanafuata Kifo kinachopiga ngoma. Uchungu unausoma kwenye vinywa wazi. Kwa Mwenze, nyuso hazisemi kitu. Mistari njo inasema.

Sisi wa agronomia tunajua: shambani upepo hauonekane, unaangalia mahindi yameinamia wapi. Fanya vile. Hata pale nyuma, penye ulifikiri ni patupu, mistari inatembea. Nyama haina pa kukimbilia. Na mwindaji amefanywa na vistari vile vile, naye hatulii. Kwangu ile ni woga.

Alianza kuchora vile wakati wa ukoloni. Mgeni wa wakati ule akiona mapambo tu, sawa. Lakini sisi, tunaazima macho yake juu ya nini?