Betri, Dainamo na Altaneta: Istilahi Zinazochanganywa

Miongoni mwa istilahi zitumiwazo ovyo katika miongozo ya ufundi wa magari ni zile zihusuzo umeme. Katika makala haya tunakusudia kuzichambua tatu: betri, dainamo na altaneta.

Tuanze na sentensi ambayo wafasiri huiandika bila kusita: "Betri ndiyo izalishayo umeme wa gari." Kisarufi haina kosa, kiufundi inapotosha. Kazi kubwa ya betri ni kuipa stata nguvu ya kuwasha injini. Injini ikishawaka, mkanda huzungusha altaneta, nayo hulisha taa na honi huku ikiirudishia betri kile ilichotoa. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.6 hivi; injini ikinguruma, kipimo hupanda hadi volti 14 hivi. Ongezeko hilo latoka wapi, kama si kwa altaneta?

Kosa hili lina gharama. Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, pamba husafirishwa kwa malori kutoka vijijini hadi viwanda vya kuichambua. Dereva aiaminiye sentensi ile, taa zikimfifilia usiku kati ya Bariadi na Lamadi, atanunua betri mpya. Nayo itaisha nguvu vilevile, ikiwa chanzo ni mkanda uliolegea au altaneta iliyoharibika.

Kwa wanafunzi wa Usukumani, mwalimu aweza kusema kwamba altaneta ni shamba na betri ni kihenge. Huo ni mfano mzuri, lakini mfano si istilahi. Wapendao kuiita betri "ghala la umeme" hatukubaliani nao. Mtama hutoka kihengeni kama ulivyoingia. Betri haihifadhi umeme wenyewe. Umeme uingiapo hubadili kemikali za mabamba ya risasi yaliyomo katika asidi, na mabadiliko hayo yarudipo nyuma ndipo umeme hutoka. Kihifadhiwacho ni nishati. Neno "betri" limekwisha kuenea; na libaki.

"Dainamo" ni neno lenye heshima kwa mafundi wazee, lakini ni jina la mtambo mwingine, wa magari ya zamani, ambao hutoa umeme kidogo mno injini izungukapo polepole. Altaneta huzalisha mkondo geu, unaonyooshwa na diodi kabla ya kufika kwenye betri. Kuiita mitambo yote miwili dainamo ni kuifuta tofauti hiyo. "Jenereta" nalo lina upana mno: wengi hufahamu mtambo uwashao taa za duka umeme wa gridi ukikatika.

Katika gereji moja mjini Bariadi tulimsikia fundi akisema, "Gari halichaji." Maneno mawili tu, nayo yana usahihi kuliko aya nzima ya mwongozo: hakuilaumu betri kabla ya kuupima mfumo.

Hivyo basi, tunapendekeza wafasiri waandike kwamba altaneta huzalisha umeme na kuichaji betri, na kwamba betri huhifadhi nishati na kuitoa ihitajiwapo. Fundi amekwisha kututangulia. Yatupasa tumsikilize kabla ya kumwandikia. Walimu na wafasiri wenye hoja tofauti tunawaomba watuletee maoni yao.