Juu ya Kufundisha Hali ya Kutaka ya Wakati Uliopita katika Vitenzi vya Kifaransa

Miongoni mwa mambo ambayo mwalimu wa Kifaransa huyafundisha kwa taabu nyingi na faida haba, moja ni kugeuza vitenzi katika ile hali ya kutaka ya wakati uliopita, ambayo Wafaransa wenyewe huiita imparfait du subjonctif. Katika Kongo ya mashariki, na popote pengine ambapo watoto wasemao Kiswahili hujifunza Kifaransa, mara nyingi mambo huenda hivi: mwalimu huandika jedwali ubaoni, watoto huliimba, siku ya mtihani huliandika tena, na baada ya hapo hawalioni wala hawalikumbuki.

Kijana mmoja, hodari sana wa kukariri, alisoma mbele yangu Mathayo 1:22 katika Biblia ya Kifaransa ya Louis Segond. Akafika kwenye neno s'accomplît. Nikamwuliza maana yake, akajibu, “Lilitimia.” Nikamwuliza tena, “Na hii kofia iliyo juu ya herufi i ni ya nini?” Akafikiri kidogo, akasema huenda ni kosa la mpiga chapa. Kumbe kijana huyo huyo aliweza kutamka aimasse, aimasses, aimât mpaka mwisho, pasipo kutua. Basi alikuwa na jedwali lote kichwani, wala hakuitambua hali ile alipokutana nayo njiani. Mwinjilisti alisema habari ya kusudi, ili neno litimie. Kijana akasikia habari ya tukio, kwamba neno lilitimia. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu atakayesimama kesho kuwaeleza wengine Maandiko.

Sisemi kosa ni la kijana. Kosa ni la namna tunavyofundisha, nalo latoka katika kuliamini mno jedwali. Kitabu cha majedwali kijulikanacho kuliko vyote ni kile kiitwacho Bescherelle, kwa jina la ndugu wawili Wafaransa waliotoa kitabu chao cha vitenzi mwaka 1842. Sifa yake haikanushiki: mtu akitafuta umbo la kitenzi kigumu, hulipata mara moja. Walakini jedwali ni ghala, si shule. Nafsi zote sita zimepangwa humo kwa kipimo kimoja, que nous chantassions sawasawa na qu'il chantât, kana kwamba zote mbili hutumika kwa kadiri moja. Sivyo kabisa. Msomaji wa vitabu vya Kifaransa atakutana mara nyingi na fût, eût, fît, vînt na pût, yaani nafsi ya tatu ya umoja. Bali chantassions aweza kusoma miaka asiione. Mwalimu afundishaye yote kwa uzito mmoja humchosha mwanafunzi kwa yasiyotumika, na akili yake ikiisha kuchoka, lile litumikalo nalo humponyoka.

Tena jedwali laficha asili. Kifaransa kiliipata hali hii katika Kilatini, wala si katika wakati ule ambao jina lake lingetufanya tudhani. Amarem ya Kilatini ilipotea. Iliyobaki ni amavissem, ambayo vinywa vya watu viliifupisha kuwa amassem, na mwisho ikawa aimasse. Shina lake ni lile lile lililozaa wakati uliopita sahili, passé simple: hali hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Kwa sababu hiyo kanuni ya kuiunda ni nyepesi kuliko majedwali yote. Twaa nafsi ya pili ya umoja ya wakati uliopita sahili, uongeze -se. Tu parlas hutoa que je parlasse; tu finis hutoa que je finisse; tu vins, que je vinsse; tu eus, que j'eusse; tu fus, que je fusse. Kitenzi kiwe chepesi au kigumu, njia ni hiyo. Mwanafunzi aujuaye wakati uliopita sahili amekwisha kuijua hali ya kutaka kwa sehemu kubwa. Asiyeujua, hata akariri usiku na mchana, anajenga pasipo msingi.

Ile kofia nayo ina asili yake. Zamani nafsi ya tatu iliandikwa aimast. Herufi s ikanyamaza katika matamshi, ikabaki katika maandishi tu. Mwaka 1740, katika chapa ya tatu ya kamusi ya Académie française, s nyingi za namna hiyo ziliondolewa, na mahali pa nyingi kati ya hizo pakawekwa kofia. Basi kofia ni alama ya herufi iliyokufa. Hata maandishi ya Kifaransa yaliposahihishwa mwaka 1990, na kofia juu ya i na u ikaachwa kuwa ya lazima katika maneno mengi, katika hali hii ilihifadhiwa, kwa kuwa bila hiyo maana huchanganyika. Kitenzi haïr hubaki na nukta zake mbili, qu'il haït, wala hakivai kofia.

Tuone jinsi maana ichanganyikavyo. “Fut-il roi?” ni swali: je, alikuwa mfalme? “Fût-il roi, il mourrait” ni neno jingine kabisa: hata angekuwa mfalme, angekufa. Sikio halisikii tofauti yoyote kati ya fut na fût. Jicho peke yake ndilo liionalo. Kadhalika “il eut fallu” haisemwi peke yake, bali “il eût fallu” maana yake ni ingalipasa. Hapo kofia moja yafanya kazi ambayo sisi huifanya kwa -ngali-. Na katika kitenzi finir, que je finisse ni umbo moja kwa wakati uliopo na kwa wakati uliopita; nafsi ya tatu ya umoja peke yake ndiyo itenganishayo, qu'il finisse na qu'il finît. Mambo haya yafaa kufundishwa kwanza, maana hapa ndipo msomaji apoteapo.

Sasa yatupasa kusema kweli juu ya matumizi. Kanuni ya kale yaagiza kwamba kitenzi kikuu kikiwa cha wakati uliopita, kitenzi kifuatacho katika hali ya kutaka nacho kirudi nyuma: je veux qu'il vienne, lakini je voulais qu'il vînt. Katika mazungumzo Wafaransa wameiacha. Wakati uliopita sahili ulipotoka katika mazungumzo, ndugu yake alikosa wa kumshika mkono. Tena miisho ya -assions na -assiez ilichekesha masikio, hata watunzi wa mizaha wakaifanyia dhihaka. Serikali ya Ufaransa yenyewe ililegeza: amri ya tarehe 26 Februari 1901 iliruhusu katika mitihani wakati uliopo utumike badala ya uliopita baada ya kitenzi cha sharti, na amri ya tarehe 28 Desemba 1976 ikaruhusu hivyo hata baada ya kitenzi cha wakati uliopita. Waandishi pia wametumia uhuru huo. Albert Camus, katika sentensi ya mwisho ya L'Étranger, kitabu kilichotoka mwaka 1942, alifuatisha kitenzi kikuu cha wakati uliopita na hali ya kutaka ya wakati uliopo. Wala hapana asemaye kwamba Camus hakujua Kifaransa.

Hapa lipo neno linalotuhusu sisi wenye Kiswahili. Nimesikia walimu wakiwaambia watoto kwamba lugha yao ni maskini kwa kuwa haina hali hii. Twasema “nataka aje,” twasema “nilitaka aje,” na lile aje halibadiliki. Wakati umekwisha kutajwa na kitenzi cha kwanza, haina haja kuutaja mara ya pili. Walimu hao huliita jambo hilo upungufu. Lakini Mfaransa wa leo asemaye je voulais qu'il vienne amefuata njia iyo hiyo, wala hakuna amwitaye maskini. Kwa nini basi kilicho wepesi kwa mmoja kiwe aibu kwa mwingine? Mtoto akidharauliwa lugha yake, hajifunzi Kifaransa zaidi. Hujifunza kuona haya tu. Yafaa zaidi mwalimu aanze na aje, ambalo mtoto analijua tangu kwa mama yake, kisha amwonyeshe kwamba Kifaransa cha vitabu huongeza alama ya wakati mahali ambapo Kiswahili hunyamaza.

Mtu atauliza: ikiwa hali hii imetoka katika mazungumzo, si afadhali tuiache kabisa? Namjibu, la. Anayeiacha amewafungia wanafunzi wake mlango wa vitabu vya karne nyingi, na hata wa Biblia waliyo nayo mikononi. Kuna tofauti kati ya kutambua na kutumia. Kutumia kwaweza kungoja, na wengi hawatahitaji kamwe. Barua iliyojaa -assions leo huchekwa hata Paris. Bali kutambua hakungoji, kwa maana asiyetambua husoma lisiloandikwa.

Kwa hiyo naweka mbele ya ndugu walimu utaratibu huu. Kwanza, wakati uliopita sahili ufundishwe hata ushike. Pili, nafsi ya tatu ya umoja, kwa vitenzi vichache vitumikavyo sana, être na avoir vikitangulia. Tatu, sentensi za kusomwa, mwanafunzi akiambiwa kila mara aseme kwa Kiswahili ni kusudi, au ni hata kama, au ni -ngali-. Jedwali lije mwisho, likae mwisho wa kitabu, la kutazamwa na mwenye haja. Na katika mtihani, mwanafunzi apewe aya aifasiri, wala asiulizwe miisho sita.

Yule kijana nilimrudisha kwenye aya ile ile kwa njia hii. Aliisoma polepole, akaweka kidole juu ya kofia, akasema, “Ili litimie.” Aimasse hakulikariri tena siku ile, wala mimi sikumwagiza.