Milimita 5 za Raha: Forester Ndani ya 215/60R17

Jamani, milimita 5! Ubavu wa tairi umeongezeka hizo tu, na tangu gari lishuke kwenye jeki sijaacha kuwasumbua watu nazo. Forester yangu ni SH, ile ya 2008 hadi 2012, yenye rimu za inchi 17, na kibandiko cha mlangoni kinataka 225/55R17. Mimi nimeivalisha 215/60R17, matairi manne mapya ya misimu yote, M+S imeandikwa ubavuni, kashata bado zina vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani. Chapa siitaji. Ninachosifia ni saizi, na saizi haina mwenyewe.

Twende kwenye namba, maana utamu wenyewe uko huko. Ile 225 ni upana kwa milimita, 55 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, 17 ni inchi za rimu. Tairi la zamani lina ubavu wa milimita 123.75, hili jipya lina 129. Kipenyo kizima kimetoka milimita 679.3 hadi 689.8, ongezeko la asilimia 1.5. Upana umepungua milimita 10. Ukiwa mtu wa kawaida utasema hakuna kilichobadilika. Ukiwa mtu wa aina yangu, unalala macho wazi.

Kila dereva wa Subaru mjini atakwambia uende moja kwa moja kwenye 225/60R17. Naielewa tamaa hiyo! Ndiyo saizi ya kiwandani ya Forester iliyofuata, SJ, na gari likiivaa linasimama kifua mbele. Lakini kipenyo chake ni 701.8, asilimia 3.3 juu ya saizi ya SH yenye rimu za 17, na mafundi waliozoea kazi hii huweka kikomo kwenye asilimia 3. Zaidi ya hapo spidi inadanganya, gari linakuwa zito kuondoka, na ukikata kona kali umepakia watu, plastiki ya ndani ya fenda inaanza kusagwa. Na kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii: SH hiyohiyo ikiwa na rimu za 16 hutoka kiwandani na 215/65R16, ambayo kipenyo chake ni 685.9. Yaani Subaru wenyewe walishaupa mwili huu gurudumu kubwa kuliko lile langu la awali. Mimi nimeongeza milimita 4 tu juu ya walipofika wao. Huo si uhuni.

Fundi wa Gerezani, Dar, hakuafiki mara moja. Alilegeza nati, akaegemeza tairi la zamani kwenye jipya, akainama kuzisoma namba kwa kidole kama mtu anayehakiki hati ya kiwanja.

"Bosi, hii saizi siyo yake."

"Najua, fundi. Rimu ni ya 7J, tairi hili linakubali kuanzia 6 mpaka 7 na nusu. Funga."

"Mbele huku kwenye kikombe cha springi halitagusa?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kuhusu matairi haya, tena na mtu mwenye spana mkononi. Kwenye SH, mguu wa mbele una shokapu iliyokaa ndani ya springi, na kikombe cha chini cha springi kiko karibu na tairi. Tumeinua kimo kwa milimita 5 na kidogo kila upande, lakini tumepunguza upana, kwa hiyo ndani tairi limesogea mbali kwa milimita 5. Alipitisha vidole katikati, akazungusha gurudumu kwa mkono, akakata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Hakuna kilichogusa. Akacheka, akaenda kuchukua la pili.

Kabla hujalipa, soma namba ndogo zinazofuata saizi. Hapo ndipo watu wanapigwa. Tairi la zamani liliandikwa 97, yaani kila moja linabeba kilo 730. Matairi mengi ya 215/60R17 huandikwa 96, ambayo ni kilo 710. Kwa matairi manne umepoteza kilo 80, na ukipenda kupakia magunia ya mkaa unarudi kutoka shamba, kilo 80 si mchezo. Yapo yaliyoimarishwa, yenye alama ya XL na namba 100, yanayobeba kilo 800. Nilichukua hayo. Angalia pia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT: 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Muuzaji akianza kuzunguka tairi ili usizione, salimia uondoke.

Sasa barabarani. Lo! Njia za ndani za Goba, pale lami inapokatika ghafla na gari linadondoka kwenye changarawe, palikuwa na kishindo kilichokuwa kinapanda hadi kwenye meno. Sasa kimekuwa mgutuko, nao unaishia chini ya kiti. Matuta madogo yaliyopangwa mfululizo, yale yanayotikisa dashibodi nzima, gari linayapita bila kulalamika. Milimita 5 za hewa na mpira! Mvua ilipoanza, wembamba nao ukajionyesha: tairi jembamba linakata maji vizuri zaidi kuliko pana, halielei upesi, na mifereji mipana ya kashata hizi inayatupa pembeni kwa sauti unayoisikia.

Nimeonja na kinachokera kidogo. Usukani umepoteza ule wepesi wa kona. Ubavu mrefu unajikunja kwanza ndipo gari linafuata. Kwenye lami laini kuna mvumo ambao tairi la zamani halikuwa nao. Anayekimbizana na watu Bagamoyo Road usiku abaki na 55 yake.

Kuhusu tochi za trafiki: gurudumu kubwa linazunguka mara chache, takriban mara 7 pungufu kwa kila kilomita, kwa hiyo geji ikisema 50, huenda unakwenda 50.8. Kwa bahati spidi mita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo, maana kanuni za kimataifa zinakataza zisome chini ya mwendo halisi, na hiyo ziada inameza tofauti yangu. Hata hivyo, pima kwa GPS ya simu kabla hujabishana na trafiki.

Na misimu yote inatuhusu nini sisi wa masika na kiangazi? Wazo hili Goodyear walilivumisha Marekani mwaka 1977 kwa tairi lao la Tiempo, ili mtu asibadilishe matairi kila theluji ikianguka. M+S ni matope na theluji, na matope tunayo ya kugawa. Lakini usilichanganye na lile linalokuja limefungwa kwenye gari kutoka Japani likiwa na neno STUDLESS ubavuni. Lile ni la barafu, mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi, na kwenye lami ya Dar ya saa nane mchana linalika upesi na kushika breki vibaya. Uza, au mpe anayetengeneza makubazi.

Limebaki la spea, na hapa wenye Subaru wanisikilize. Gari hili linavuta kwa magurudumu yote, na Subaru wanataka mizingo ya matairi manne isipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Spea yangu ya 225/55R17 inapishana na haya mapya kwa milimita 33. Ukiifunga ukaenda nayo hadi Chalinze, ile klachi inayogawa nguvu mbele na nyuma itakuwa inasuguana njia nzima. Forester nyingi za otomatiki za enzi hizo zina kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD chini ya boneti: chomeka fyuzi, nyuma kunaacha kuvuta, funga spea nyuma, nenda taratibu hadi kwa wa pancha. Mimi fyuzi nimeibandika kwa selotepu ndani ya mfuniko wa boksi lenyewe, na tairi la tano nimeshaliagiza.