Oksidi ya Alumini Haipakwi: Uhakiki wa Istilahi "Mpako"

Anayeeleza kwa Kiswahili namna oksidi yenye vinyweleo inavyotengenezwa juu ya alumini, ili ibebe kichocheo cha kikemia, huvutwa upesi na neno mpako. Makala hii inalipinga. Kupaka ni kuleta kitu kutoka nje: chokaa ukutani, mafuta mwilini. Oksidi hii hailetwi. Bamba huzamishwa katika asidi, tuseme ya oksaliki, na kuunganishwa na ncha chanya ya umeme. Alumini yenyewe hugeuka oksidi, maji yakichangia oksijeni, na tabaka hukua kuelekea ndani huku vinyweleo vikisimama wima.

Msomaji wa Kihonda, Morogoro, ana ushahidi jikoni. Sufuria mpya ya alumini ikichemshiwa maji matupu huweza kuingia weusi ndani, na hakuna aliyeupaka. Ikisuguliwa kwa majivu weusi hutoka, kwani maji ya majivu ni besi, nayo huyeyusha oksidi. (Masizi ya nje ni habari nyingine, hayo kweli yamepakwa, na moshi.)

Ubishi huu si wa maneno matupu. Mwanafunzi aliyefundishwa mpako atauliza gundi ni ipi, ilhali swali la msingi ni volti ngapi: kwa volti 40 katika asidi ya oksaliki, vinyweleo hupishana kwa takriban nanometa 100. Tena mpako wa kauri uliobandikwa juu ya metali hupasuka unapopashwa moto na kupozwa mara kwa mara, kwa kuwa viwili hivyo havitanuki sawasawa. Kilichoota hushika zaidi.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ni ya mwaka 1990. Vinyweleo vilivyopangika kama sega la nyuki vilitangazwa na Masuda na Fukuda mwaka 1995. Kwa hiyo tusiilaumu kamusi hiyo. Utando nao haufai, maana hutukumbusha maziwa yaliyopoa. Tunapendekeza ganda, pamoja na kitenzi kuotesha: ganda la mti huota na mti wake. Vinyweleo tunalikubali, ingawa vya ngozi hupenya, na hivi huishia kwenye tabaka jembamba lililoziba chini. Kasoro ya ganda tunaiona pia: Kiswahili humenya maganda, na hili halimenyeki.